Fundi wa Ghorofa ya Tatu

Niseme mapema ili tusizungushane: mtu huyu nilimwonea wivu, na waliokaa karibu naye niliwaonea wivu zaidi. Anayetaka habari za kuzaliwa kwake, ukoo wake na safari iliyomtoa Lubumbashi akawaulize wanawe. Mimi nitasimulia niliyoyaona Bellevue, Johannesburg, katika ile nyumba kubwa ya zamani iliyokatwakatwa vyumba, ambako yeye alipanga vyumba viwili vya nyuma. Kimoja alilala. Cha pili kilijaa meza ya kuchanganya sauti, ndefu kuliko kitanda changu, pamoja na mashine ya tepu aliyoifunika shuka la maua. Jiko lilikuwa la wapangaji wote, upande wa pili wa ukumbi mwembamba.

Sisi Watanzania tulimwita Fundi. Wakongo wenzake walimwita Vieux, yaani Mzee. Marasta wa Yeoville, mtaa wa jirani, walimwita Mfalme, na jina hilo sikumsikia akilikataa hata mara moja, ingawa alikuwa mwepesi sana wa kuwahubiria wengine unyenyekevu.

Meza ile na mashine ile zilitoka katika studio ya ghorofa ya tatu, karibu na Joubert Park, juu ya duka la sare za shule. Kwa asiyeijua: enzi zake, rege iliyorekodiwa pale ilisafiri kwa kaseti kuliko watu wengi walivyosafiri. Ilifika Lilongwe, ikafika Bujumbura, ikafika Dar, ikafika kwetu Tanga. Majina ya waimbaji yaliandikwa kwenye majalada. Majina ya wapigaji hayakuandikwa, na hilo lilimuuma Fundi mpaka uzeeni.

Mimi besi nilijifunza kwa kaseti hizo. Yangu ilikuwa nakala ya nakala, mtu wa Mombasa kanakili kwa mwenzake, mwenzake kanakili sijui kwa nani, mpaka sauti ya chini ikabaki mngurumo tu. Nilikaa chumbani kwa mjomba, Ngamiani, nikiufuatilia mngurumo ule noti kwa noti, na pale nisiposikia kitu nilijaza mwenyewe. Nilipofika Johannesburg nilikwenda kuitafuta studio kabla sijapata hata pa kulala. Mlinzi wa mlangoni alinicheka. Ghorofa ya tatu ilikuwa imeshakuwa kanisa.

Kwa hiyo miaka kadhaa baadaye nilipoambiwa kwamba fundi wa studio ile yuko hai, yuko Bellevue, tena anaongea Kiswahili, nilikwenda kwake nimevaa shati jipya. Nikamwamkia, "Shikamoo, Fundi." Akajibu, "Yambo, yambo." Miaka yote niliyomjua hakuwahi kuniitikia marahaba. Alisema shikamoo ni kintu ya bantu ya Tanzania, na yeye hakuona sababu ya kuipokea.

Alivaa tai kila siku, hata siku ya kufua. Jumapili alikwenda misa ya kwanza, akirudi anakaa na marasta waliomsubiri ngazini, nywele zao mpaka kiunoni, naye katikati yao kanyoa kipara na amevaa koti. Moshi wa bangi haukuingia chumbani mwake. "Moshi inaharibu kichwa ya mashini," alisema, na alikuwa na maana ya kile kichwa kinachosoma tepu, alichokisafisha kila asubuhi kwa spiriti na kitambaa cha pamba kabla hajanywa chai. Marasta walilichukua neno lile kama fumbo kubwa. Nilimsikia mmoja akiwaeleza wenzake kwamba mashine ni mwili.

Kiswahili chake kilikuwa cha kwao, na mimi nilimtania nacho. Watu wa Lubumbashi hawapigi, wanapika. Wanapika simu, wanapika picha, wanapika gitaa. Nikimwambia, "Fundi, leo umepika simu ngapi, zimeiva?" alicheka na mabega tu, bila sauti. Ikumbukwe hapa kwamba utani huo ulikuwa wangu, kwa sababu mbele utaniaibisha.

Alikuwa na njia yake ya kufanya kazi. Kwanza mpigaji hakuruhusiwa kugusa chombo mpaka aimbe sehemu yake kwa mdomo, mwanzo hadi mwisho, mbele ya watu. Nimeona wanaume wazima, walinzi wa magetini, wakitoa jasho wakiimba dum-dum kama watoto wa chekechea. Kisha mashine ikianza kuzunguka, yeye alitoka. Alifunga mlango, akavuka ukumbi, akasimama jikoni kwenye masufuria ya watu, kichwa kimeinama. Alisema aliye ndani anasikia kila kitu, kwa hiyo hasikii kitu. "Bass njo ile inapita mulango. Ile haipiti, ni kelele ya weye na rafiki zako." Njo ni ndiyo yao.

Kuhusu pigo la kwanza, lile ambalo rege huliacha wazi, alikuwa mkali kuliko padri wake. Mimi natoka kwenye muziki wa dansi, besi yetu inatembea, inapiga soga, inarudi. Nilipolijaza pigo lile alizima mashine.

"Ile ya kwanza si yako," akasema.

"Ni ya nani sasa, Fundi?"

"Ya mwenye anasikiliza. Mbona unamuiba?"

Maneno kama hayo yalikuwa yakimtoka bila kufikiri, na marasta wakiyaandika kwenye simu zao. Mimi nilikwenda nayo nyumbani nikayakasirikia wiki nzima, kisha nikaacha kulijaza pigo la kwanza.

Siku niliyompigia mara ya kwanza nilichagua wimbo wa studio yake mwenyewe, ule wa kaseti yangu ya Ngamiani. Niliupiga vizuri, sioni haya kusema. Alisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akasema, "Si vile," akatoka nje kwenda kununua mkate kwenye spaza, kile kiduka cha mtaani. Alikaa huko nusu saa. Duka liko hatua ishirini.

Yeye mwenyewe alianza kama mpigaji wa besi. Hilo alilitaja mara chache, kwa mkato. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vilibanwa na mlango wa lifti ya jengo lile la studio, vikabaki vigumu, na ndipo mwenye studio akamhamishia kwenye meza. Alipenda kusema kwamba mpigaji si kitu, chumba ndicho kinachopiga. Lakini besi yake ya zamani ilikaa juu ya kabati, imekazwa nyuzi na kurekebishwa sauti kila Jumatatu, na hakuna aliyeigusa ila mtu mmoja.

Mtu huyo ni Désiré. Désiré ni Mrundi, kinyozi, saluni yake iko mtaa wa pili kutoka pale. Ni mdogo kwangu kwa miaka kumi, mpole, mwenye mikono mirefu na tabia ya kucheka kabla utani haujaisha. Alikuja kwa Fundi hajui kitu. Fundi alimfundisha kila noti, kidole kwa kidole, akimshika kiganja. Mimi hakunishika kiganja hata siku moja. Nikikosea aliniambia "si vile" akanyamaza, Désiré akikosea alimwambia, "Polepole, fiston." Yaani mwanangu. Natamani ningesema Désiré alikuwa mtu mbaya. Alininyoa bure kila Ijumaa kabla ya swala, na nilikaa kwenye kiti chake na shuka shingoni nikimchukia kimyakimya kwenye kioo.

Mwaka 2016 walikuja wageni wawili kutoka Ulaya, mtu na mkewe, wakusanyaji wa santuri za zamani. Walikuwa wameitafuta ghorofa ya tatu, wakakuta kanisa kama mimi, ila wao walielekezwa haraka zaidi. Walitaka Fundi arekodi upya nyimbo sita za studio ile, kwa mashine zilezile, na wapigaji waliobaki. Mpiga dramu alikuwepo, mzee wa Soweto. Wa kinanda alikuwepo, Mmalawi. Besi ndiyo iliyokuwa haina mtu, na kila mtu Bellevue alijua itakuwa ama Désiré ama mimi. Kama ni haki ya miaka, ilikuwa yangu. Niliisubiri simu kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

Simu ilipokuja nilikuwa bafuni. Aliipokea Mwanahawa, mke wangu, ambaye alikuwa na miezi minne tu tangu afike kutoka Tanga.

"Fundi wako huyo kapiga," akaniambia. "Anasema Jumamosi asubuhi uende ukapike. Wageni wake watakuwepo. Kasisitiza usikose."

"Nikapike?"

"Ukapike. Kasema mara mbili."

Nilikuwa najulikana kwa pilau. Kila maulidi ya Watanzania wa Yeoville mpishi nilikuwa mimi. Kwa hiyo nikaona picha nzima: Désiré kapewa besi, nami nimepewa jiko. Mtu asiye na wivu angechukua simu akauliza. Mimi sikuuliza, kwa sababu nilikuwa nimeshalijua jibu tangu siku ya mkate wa spaza.

"Haya," nikamwambia Mwanahawa. "Nitampikia pilau asilolisahau."

Nikaazima sufuria kubwa ya maulidi, ile ya kulisha watu mia. Jumamosi nikaibeba begani, nyama na mchele ndani yake, nikapita nayo Raleigh Street saa mbili asubuhi. Kwenye roboti, yaani taa za barabarani, madereva wa teksi walinipigia honi na mmoja akauliza kwa Kizulu harusi iko wapi. Besi yangu niliiacha nyumbani nyuma ya mlango.

Fundi alikuwa amesimama barazani, tai nyekundu, koti jipya. Aliitazama sufuria. Akatazama mgongoni kwangu, ambako besi hukaa. Akanitazama mimi, kwa muda mrefu kidogo.

"Bon," akasema. "Jikoni iko wazi."

Désiré alikuwa amekaa ngazini na mkoba wake wa mikasi. Alikuwa amekuja kuwanyoa wale wazee wawili wapendeze kwenye picha, hakuwa na besi. Hilo niliona kwa macho yangu na nikapita. Nilikuwa na hasira ya kutosha siku tatu. Nikamsikia Fundi nyuma yangu akisema, "Désiré, panda juu ya kiti, shusha ile bass yangu."

Nilikata vitunguu kilo mbili. Mashine ikaanza kuzunguka, na kama kawaida mlango ukafungwa, Fundi akavuka ukumbi akaja kusimama jikoni. Alisimama kando ya jiko langu, karibu kabisa, mafuta yakimrukia tai. Besi ya Désiré ilikuwa ikipita mlangoni, safi, kila noti mahali pake.

"Anapika muzuri," Fundi akasema.

Nikakoroga vitunguu.

"Anapika vile nilimufundisha."

Nikaganda na mwiko mkononi. Anapika. Uende ukapike. Mke wangu mtu wa Tanga amelichukua neno la mtu wa Lubumbashi akaniletea lilivyo, naye hana kosa, kwao na kwangu neno hilo lina maana moja. Mimi ndiye niliyekuwa nikilitania miaka yote. Mimi ndiye niliyeulizia simu kama zimeiva.

Ulikuwa wimbo wa kwanza. Tepu hurudishwa nyuma. Ningesema sentensi moja tu, na saa ile ile Désiré, namjua, angenyanyuka na kunipa kiti. Fundi alikuwa ananitazama, kana kwamba kuna kitu anakisubiri. Na kule ngazini, kati ya ubeti na ubeti, nikasikia vicheko vya marasta, nikaona hadithi itakavyotoka: Salehe wa Tanga kaitwa kupiga besi, kaja na sufuria. Ingefika saluni kabla ya adhuhuri, msikitini kabla ya alasiri, na Tanga kwa simu kabla ya magharibi.

"Pilipili unatumia?" nikamuuliza.

"Kidogo," akasema, na akarudi ndani.

Walikula wakasifu. Désiré aliongeza mara mbili, akaniambia, "Kaka Salehe, hii ni hatari, wallahi," yeye Mkristo. Nilimpakulia kwa mkono uliotaka kummwagia.

Mwaka uliofuata santuri ikatoka. Nyuma ya jalada, safari hii, majina yote yaliandikwa, kwa sababu Fundi alilisimamia hilo mwenyewe. Dramu fulani, kinanda fulani, besi Désiré. Chini kabisa, kwa herufi za wadudu, waliandika wanashukuru kwa chakula, na jina langu likafuata, tena wamelikosea. Mwanahawa alifurahi mno. Alilibandika jalada ukutani sebuleni, na kila mgeni aliyekuja alioneshwa mahali lilipo jina la mumewe.

Désiré alialikwa Ulaya wiki mbili kupiga nyimbo zile. Akarudi na jaketi. Nikaanza kusema maneno: kwamba anapiga besi kama mtu anayehesabu ngazi, kwamba Fundi amemlea kama kasuku. Niliacha kwenda saluni kwake. Nilinyolewa na mtu mwingine ambaye alinivuruga nywele vibaya, nikavaa kofia miezi miwili. Désiré aliniuliza amenikosea nini. Nikasema hakuna kitu, sharp, poa tu, niko bize. Kwa Fundi nilikwenda mara mojamoja, kwa adabu, na neno la siku ile hatukuligusa, si yeye si mimi.

Mara ya mwisho nilimwona mtaa wa Observatory, mwaka 2019. Binti yake alikuwa amemchukua kwake, kwenye nyumba ya mlimani yenye baraza pana. Meza ya kuchanganya sauti na mashine ya tepu vilikuwa vimechukuliwa na wale wageni wa Ulaya, walisema vitawekwa mahali pa heshima. Wajukuu walipita wakiongea Kiingereza na Kizulu, naye aliwajibu kwa Kiswahili, kila mtu na lake. Tai ilikuwepo, lakini shingo ilikuwa imepungua ndani yake. Besi ya zamani ilikuwa imeegeshwa kwenye kiti cha pili.

Nilikuwa nimekwenda kulisema. Miaka mitatu nilimwacha aamini nilimkataa, nikaona sasa amezeeka, si vizuri.

"Fundi," nikaanza, "ile siku ya kurekodi. Mke wangu alinipa ujumbe kwamba nije kupika. Mimi nikaelewa—"

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Si nilijuaka. Pale kwa baraza, vile niliona sufuria. Muntu mwenye anakataa bass anabakia kwake. Habebi sufuria ya harusi na mabega." Alicheka kile kicheko chake cha mabega, kikakatika. "Nikakufuata jikoni. Nikakuambia 'anapika' mara mbili. Nikaona umesikia."

"Basi kwa nini hukusema? Neno moja tu, Fundi!"

Akanyoosha ule mkono wa kushoto juu ya goti, na vile vidole viwili.

"Ile kaseti ulijifunziaka kwenu. Bass ya mule, ni mi nilipika. Mbele ya lifti kunibana vidole." Hakuwa ananitazama. "Siku ya kwanza ulikuya kwangu ukapika ile nyimbo. Nikasikia kosa. Nikasikia kosa ingine. Mahali kaseti yako ilikufaka, weye ulitia ya kwako. Na kila mahali ulikosea, ilikuwa muzuri kupita yangu. Nilitoka. Nikaenda kwa mukate."

"Nakumbuka mkate."

"Désiré anapika yangu. Akirekodi, njo mi niko mule. Bantu bataisikia hata nikikufa. Weye ukirekodi..." Akafanya ishara ya kupangusa meza. "Nilikuita kwa sababu ilikuwa haki. Kisha nikaona sufuria, nikasema, aksanti Mungu."

"Ukaniacha na vitunguu."

"Nilikuacha."

Nitasema nilivyojisikia, kwa kuwa nimeahidi kutozunguka. Nilitaka kumpiga, mzee yule. Na chini ya hasira hiyo nilijisikia raha ambayo sijawahi kuipata kwenye maulidi wala kwenye harusi yangu. Miaka yote ile nikila moyo wangu kwa ajili ya kinyozi, kumbe Fundi alikuwa akiula wake kwa ajili yangu.

"Kamata," akasema, akionesha besi kwa kidevu. "Pika ile nyimbo. Vile unapikaka weye."

Nikaichukua. Ilikuwa nyepesi kuliko nilivyofikiria, na nyuzi zake zilikuwa sawa kabisa. Alijiweka vizuri kitini, akafumba macho. Nikaweka kidole kwenye uzi. Kisha nikairudisha kitini.

"Nina zamu kazini saa tisa, Fundi."

"Kidogo tu."

"Nitachelewa."

"Salehe," akasema. Jina langu alikuwa halitumii, daima aliniita petit, yaani mdogo. "Tafadhali."

Sikuwahi kumsikia akimwomba mtu kitu. Nikaangalia saa ambayo sikuwa nimeivaa. Sikuwa na zamu siku ile, ilikuwa Jumapili, na yeye Jumapili zangu alizijua miaka yote. Nikamuaga binti yake, nikatoka getini.

Niliteremka mlima ule nikiwa na furaha kama mtu aliyeshinda kesi. Ilinichukua mpaka barabara ya chini kuelewa kwamba katika mji huu wote ni mtu mmoja tu aliyewahi kunisikia nikipiga, akasikia sawasawa kila nilichofanya, na nimemwacha kule juu amefumba macho. Nikasimama pale kona, nikageuka kutazama nyumba. Baraza lilionekana vizuri, na yeye alikuwa bado amekaa.

Sikurudi.